Kabwe na Kombeo la Kusimama

Kabwe alifika Rumonge na mke, makasia mawili na maneno mengi. Mke alifaa tangu siku ya kwanza, na makasia yalifaa baadaye. Maneno ndiyo yaliyotutia taabuni.

Alitoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, akikimbia vita vya kwao, akakuta vyetu. Aliniambia alivilinganisha, akaona vyetu angalau vina soko. Mimi nilikuwa nikinunua samaki mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, na kuwapeleka Minago kwa baiskeli, kwa hiyo mtu mwenye mtumbwi nilimtazama vizuri kuliko ndugu zangu.

Ulikuwa mwaka ule nchi jirani zilipotufungia mipaka. Petroli ilipotea, injini za boti zikalala majumbani zimefunikwa magunia. Kuvua usiku kwa taa kulikatazwa, maana jeshi halikutaka mwanga lisioujua ziwani. Aliyebaki na kazi ni mwenye mtumbwi wa kasia, mchana, karibu na nchi kavu. Kabwe alikuwa na mmoja, wa gogo. Aliupata kwa kubadilishana na cherehani ya mkewe Naomie, naye Naomie alikuwa bado hajamsamehe.

"Kwetu zamani samaki walivuliwa kwa mawe," Kabwe alitutangazia. Unatega wavu nusu duara, halafu unarusha mawe kwa kombeo, mbali kuliko mkono unavyofika, yaangukie nyuma ya samaki. Wao wanakimbilia mbele, na mbele kuna wavu. "Ufundi huu umekufa kwa sababu ya injini. Mimi nitaufufua. Babu yangu alikuwa askari wa ziwa! Jiwe lake lilivuka mtumbwi wa adui, likarudi kuuliza kama kuna mwingine."

Akasokota makombeo kwa nyuzi za migomba, akakusanya wanaume wanane, akawapanga mstari mchangani kila asubuhi na alasiri. Walirusha, wakapiga ukelele wa vita, wakarusha tena. Jambo zuri. Ila aliwapanga wakitazama kambi ya wanajeshi iliyokuwa mwisho wa mwalo, kwa sababu upande wa ziwani jua liliwaumiza macho alasiri, na asubuhi wakawa wameshazoea. Siku ya tatu jiwe moja likaingia kwenye sufuria ya maharage ya askari, na sufuria ikapinduka.

Kaporali Hyacinthe alikuja na watu watano.

"Jeshi la nani hili?"

"La kuvua samaki, shefu."

"Maharage yangu yaliwahi kuogelea?"

Akachukua makombeo yote, na mtumbwi pia. "Kesho asubuhi utanionesha. Samaki wakikimbilia wavu kwa mawe, mtumbwi ni wako. Wasipokimbia, nitaupasua kuni nipikie maharage mengine."

Naomie alisikia, akasema maneno mawili tu: "Cherehani yangu."

Mchana ule Kabwe alinijia uso umemshuka. Hakuwahi kufaulu kurusha jiwe akiwa mtumbwini. Alikuwa amejaribu mara mbili kwa siri, amesimama kama askari, na mara mbili alitumbukia.

"Babu yako alifanyaje?"

"Sijui. Nilisimuliwa na bibi."

Nilicheka, kisha nikakumbuka kapu langu tupu, nikaacha kucheka. Nikampeleka kwa Mwavita, anayeuza vitumbua karibu na msikiti. Mwavita alikulia Nyanza-Lac, akilinda mpunga usiliwe na ndege. Alikaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti shambani kinachoyumba kwa upepo, akarusha kombeo siku nzima bila kuinuka.

"Amahoro, Mama Mwavita," Kabwe alisema.

"Amahoro. Ni wewe uliyeyaua maharage?"

"Nisaidie, mama. Nifundishe kurusha nikiwa nimekaa."

"Kwa kesho? Huwezi kujifunza upesi hivyo. Nitarusha mimi. Utanipa nini?"

"Nitakushukuru sana."

"Murakoze na asante ziko nyingi hapa kwangu. Nataka nafasi mtumbwini. Si ya kesho tu. Kila mukienda."

Kabwe alinigeukia. Wavuvi wetu hawapakii mwanamke, wanasema anafukuza samaki.

"Mama, samaki watakimbia!"

"Si ndiyo unachotaka, wakimbie?" Mwavita akageuza kitumbua. "Au uliwapanga wale wanaume wawabembeleze?"

Kabwe akakubali. Mimi mwenyewe nisingedai vizuri hivyo.

Asubuhi wavu ulitegwa karibu na mawe makubwa, kusini kidogo mwa mwalo. Mwavita alikaa mbele, miguu ameinyoosha. Kabwe alishika kasia nyuma. Katikati alikaa kaporali, mzaliwa wa milimani, ameshika kingo zote mbili. Sisi wengine tulitazama na kusikiliza kutoka ufukweni.

Mwavita alizungusha kombeo lake mara moja tu. Jiwe likaanguka mbali. La pili hivyo hivyo. Wavu ulitulia kama nguo kwenye kamba.

"Naona kuni," alisema kaporali.

Hapo damu ya babu ikamchemka Kabwe. Akanyakua kombeo la akiba la Mwavita, akasimama, akafungua kinywa kwa ukelele. Mtumbwi ukalala ubavu. Kaporali akamkumbatia mguu.

"Kaa chini! Kaa chini, baba, nakuomba!"

"Ukipiga kelele," Mwavita alisema bila kugeuka, "jiwe linalofuata ni wewe. Tuko karibu mno, mawe yanawapita samaki. Turudishe nyuma."

Nilimwona Kabwe bado amesimama, mtumbwi ukiyumba, na kuni zikikaribia. Kisha akaketi. Akaweka kombeo chini, akashika kasia, akaurudisha mtumbwi polepole bila neno, na kwa Kabwe hilo lilikuwa gumu kuliko kupiga makasia mpaka Kongo.

Mwavita alirusha matatu mfululizo. Maboya ya wavu yakatikisika, kisha yakazama.

Walitoka samaki kumi na mmoja, kuhe watupu. Kaporali alichagua wawili kwa ajili ya maharage yaliyomwagika, akarudisha mtumbwi na makombeo, akaagiza mazoezi yafanywe kutazama ziwa, jua lipende lisipende. Waliobaki niliwachukua mimi kabla hawajaacha kurukaruka.

Mwavita bado anakaa mbele. Kabwe bado anasimulia habari za babu yake kwa kila mgeni anayeshuka mwaloni, na jiwe bado linavuka mtumbwi wa adui. Ila siku hizi, katika hadithi hiyo, babu ameketi.