Meno ya Juu ya Elisha

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi, niliamini baba yangu haogopi kitu chochote chini ya jua. Hakumwogopa bosi wake, hakuwaogopa polisi wa barabarani, na wachawi ndio kabisa, alikuwa akiwacheka. Alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu dogo la Wakongomani na Warundi hapa Ingleburn, Australia, kwenye ukumbi wa kukodi uliokuwa na harufu ya viatu vya michezo. Uinjilisti wenyewe haukuwa na mshahara. Tangu alfajiri alipakia makasha ghalani, mchana akala ugali wake garini huku Biblia imeegemezwa kwenye usukani, na jioni ndipo utumishi ulipoanza: kumjazia huyu fomu, kumtafsiria yule kwa daktari, kuombea gari jipya la mwingine lisipate ajali. Jumapili alizunguka na basi dogo bovu kuwachukua waumini mpaka Bankstown. Mimi nilimwona mkubwa kuliko waziri.

Mdogo wangu Elisha ndiye wa kwanza kwetu kuzaliwa Australia. Mimi nilizaliwa kambini, Kigoma, na baada yangu mama alingoja karibu miaka kumi kumpata yeye. Alipofika miezi sita, Bibi, yaani mama mzaa baba, alikuwa akimlisha uji, kijiko kikagonga kitu. Akamfungua mdomo, akatazama, akaufunga upesi kama mtu aliyefungua mlango wa choo akamkuta mwenzake ndani. Meno mawili yalikuwa yamechomoza juu. Chini, fizi tupu.

Kwetu, upande wa Kongo, mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na ni mkosi. Eti anakula watu. Anayemzoea atakufa au atafiwa. Bibi alinieleza yote pale pale jikoni, kwa kunong'ona, kwa sababu nilikuwa nimeona na alitaka ninyamaze. Zamani sana kigego hakuachwa aishi. Baadaye watu wakalainika mioyo: mtoto anawekwa chini njiani, aliyemweka anaondoka bila kugeuka, na mtu wa kabila lingine anamwokota. Akishaokotwa mkosi umekatika, na mtoto si wenu tena.

"Sasa na sisi tutamweka njiani?" niliuliza.

"Wee! Ushindwe kwa jina la Yesu!" Bibi aliniziba mdomo kwa kiganja chenye uji. "Tutamlisha wenyewe, na wageni wasimchekeshe. Ya chini yakishatoka, nani atajua yapi yalitangulia?"

Hapo ndipo ninaporudi kila mara nikiwaza habari hii. Bibi aliuamini mkosi ule kwa moyo wake wote, na bado hakuwa na mpango mwingine ila kumfichia mtoto siri yake.

Baba aliporudi kazini, mama akamwambia. Baba akacheka. "Katika nyumba hii tunamwogopa Mungu, hatuogopi meno."

"Nyamaza walau wiki chache," Bibi alimsihi. "Mdomo uliponza kichwa, mwanangu."

Baba akasema kunyamaza ni kumwekea shetani kiti.

Jumapili ile akasimama mbele ya watu arobaini na kitu, Elisha mkononi, akamwinua mdomo kwa kidole. "Tazameni! Meno ya juu! Haya, nani amekufa nyumbani kwangu? Tumevuka bahari, giza tumeliacha ng'ambo!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Mama Riziki, mke wa shemasi, ambaye alikuwa mjamzito, akatoka kitini, akambeba Elisha, akazunguka naye ukumbi mzima akiimba. Naye Elisha, maskini, akacheka kila alipopitishwa, vijino nje.

Siku tisa baadaye mimba ya Mama Riziki ikaharibika.

Hakuna aliyesema neno. Ndivyo walivyo watu wetu, wanasema bila kusema. Jumapili iliyofuata baba alipofika na basi, familia moja mtoto ana homa, nyingine ina shifti. Wali aliopika mama kwa ajili ya watu baada ya ibada ulirudi nyumbani ulivyokwenda. Wanawake waliokuwa wakinyang'anyana kumbeba Elisha sasa walimsalimia kwa mbali, mikono imekumbatia mikoba. Hata wale ambao kwao hawajawahi kusikia habari ya kigego walikuwa wameshafundishwa, na mwalimu wao alikuwa baba yangu mwenyewe, mbele ya kipaza sauti. Mwezi haujaisha, tukabaki watu kumi na mmoja ukumbini, sisi watano wa nyumba moja tukiwa humo.

Wiki hizo hizo meno ya chini yakatoka. Bibi aliniita nione. Yalikuwa mawili, madogo, yamekaa sawasawa, na ungemtazama mtoto yule usingejua lolote. Bibi alinionyesha huku akilia.

Jumamosi moja mchana wazee watatu wa kanisa wakaja nyumbani. Walikunywa chai, maandazi wakayakataa. Na walivyoongea kwa adabu! Haki ya Mungu, leo hii ningewamwagia birika.

"Mwinjilisti, sisi wenyewe hatuyaamini mambo hayo," alisema shemasi, mume wa Mama Riziki, macho yamemwiva. "Lakini tumeagizwa tusiwakwaze walio dhaifu. Kondoo wanatawanyika kwa ajili ya mtoto mmoja."

Kumbe dawa walikuwa wameshaipata kabla ya kuja. Zakaria na mkewe Konsolata, Warundi wa Bankstown, miaka kumi na miwili ya ndoa na hawana mtoto. Watu wazuri. Kabila lingine.

Nilimtazama baba. Nilijua atawafukuza, na nilikuwa nimeshaanza kufurahi. Baba alizungusha kikombe, kisha akauliza, "Na watu watarudi?"

Swali hilo ndilo sijamsamehe. Ningemsamehe hofu. Angesema ameogopa kufiwa, ningeelewa, sote tuna damu. Lakini yeye hakumwogopa Elisha hata kidogo. Aliogopa viti vitupu.

Mama aligoma siku nne, hakupika, hakuongea. Baba alifunga na kuomba siku hizo nne, akatoka chumbani na jina jipya la jambo lile: haikuwa kumtupa mtoto, ilikuwa kumweka wakfu. Bibi akamwambia mbele yetu sote, "Mpagani wa nyumba hii ni mimi, na mimi mtoto simtoi. Wewe mtu wa Mungu unamtoa." Hakukaa naye meza moja tena mpaka siku tuliyomzika Bibi.

Mama alishindwa. Sijui nisemeje zaidi ya hapo. Alikuwa hana ndugu nchi hii, Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, na kila mtu aliyemjua alikuwa wa kanisa lile.

"Neema, wewe ndiye utakayemweka," baba aliniambia. "Wewe ni mtoto, huna dhambi."

Ilikuwa baada ya ibada, saa saba mchana, kwenye maegesho ya ukumbi, jua kali. Nilimbeba Elisha ndani ya kiti chake cha garini, kile chenye mpini, nikakiweka juu ya lami. Zakaria na Konsolata walikuwa wamesimama hatua chache, wakitazama pembeni kama watu wanaopita tu, maana desturi inataka wamwokote, wasipewe. Bibi alikuwa amekataa kutoka nyumbani, na mama alikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kitenge amejikaza nacho kifuani ili maziwa yakauke. "Usigeuke," baba alikuwa ameniambia kabla hajaingia garini akafunga mlango. Sikugeuka.

Na watu walirudi. Ndiyo, jamani, walirudi, tena na wengine! Kabla ya Krismasi tuliazima viti. Baba akaendelea kuhubiri dhidi ya ushirikina kwa sauti ile ile, na watu wakaendelea kuitikia amina. Kwenye ofisi za serikali tulisema Zakaria na Konsolata ni jamaa zetu, makaratasi ya malezi yakafuata polepole. Elisha alikulia Bankstown, akimwita baba "Mwinjilisti" na mama "Mama Neema", akitusalimia kwa mkono, kwa heshima, kama watoto wa wenzetu. Alipotimiza miaka kumi na mitatu Konsolata akamweleza ukweli. Akanipigia simu. Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, basi akaniuliza kwa Kiingereza ni nani hasa kati yetu aliyemwogopa. Nikamwambia sote. Nilikuwa namkinga baba, na sijui kwa nini.

Mwaka huu Elisha ameoa. Harusi ilifana, ukumbi umejaa, ngoma za Kirundi zikapigwa mpaka glasi zikatetemeka. Mshereheshaji akatangaza, "Wazazi wa bwana harusi wasimame, tuwaone!"

Mama akasimama. Sidhani alifikiri. Alisimama na kitenge chake kipya akitabasamu, na upande wa pili wa ukumbi Konsolata naye alikuwa amesimama. Mshereheshaji, kijana asiyejua lolote, akasema kwa upole, "Mama, samahani, tunaomba kwanza wazazi tu." Baba akamvuta nguo, mama akaketi. Elisha aliona. Akainama, akaanza kupangapanga maua yaliyokuwa mezani pake.

Jioni niliwarudisha baba na mama nyumbani kwa gari. Baba alisinzia kando yangu, mzee sasa, mikono juu ya tumbo. Tulipokaribia Ingleburn mama akasema kutoka kiti cha nyuma, taratibu, asimwamshe, "Neema. Siku ile pale kwenye maegesho. Vioo vilikuwa juu, na baba yako alikuwa amefungulia nyimbo. Mtoto alilia?"

"Hakulia, Mama," nikasema. "Alikuwa amelala."

"Asante Yesu," akasema, na nikamsikia akipumua.

Alilia. Alianza nilipoachia mpini, na alilia hatua zote mpaka mlango wa gari. Nimemlaumu baba zaidi ya miaka ishirini na nitaendelea kumlaumu, anastahili. Lakini katika watu wote wa damu yake, aliyekisikia kilio kile ni mimi peke yangu, na nilifungua mlango nikaingia.