Mwanamke Aliyesaini Bila Kuuliza

Kwa miaka kumi na saba Nyabuto alikuwa akipeleka samansi za mahakama kutoka mjini Migori, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kupenda maji. Vituko vya nchi kavu alivizoea: mbwa wa Ntimaru, watu wa Suna waliojifungia ndani wakiona bahasha yake, na yule mzee aliyemkimbiza na panga kisha akamrudishia kofia iliyoanguka njiani. Yote aliyaandika kwenye daftari dogo lenye jalada jeusi: tarehe, saa, mahali, mtu alivaa nini na alisema nini. Mkewe, Moraa, alikuwa akimcheka.

"Hata mimi uliniandika siku tulipokutana?"

"Nilikuandika," Nyabuto alimjibu, wala hakuwa anatania.

Samansi ya Rispa ndiyo iliyompeleka kisiwani Remba, katikati ya ziwa. Mfanyabiashara mmoja wa Suna, jina lake Elkana, alidai kwamba nyumba aliyoachiwa Rispa na marehemu mumewe ilijengwa kwenye ploti yake. Rispa mwenyewe alikuwa ameipangisha nyumba hiyo, akaenda kisiwani kuuza omena, dagaa wa ziwani. Kwa kuwa Nyabuto hakumjua, Elkana alimtuma binamu yake, Maxwell, afuatane naye ili amwonyeshe.

Maxwell alimwonyesha mwanamke mnene mwenye kitenge cha kijani, aliyekuwa ameketi mlangoni pa kibanda cha mabati. "Rispa ndiye huyo." Mwanamke aliitikia jina, akasaini, akarudisha kalamu. Nyabuto alimwomba kitambulisho.

"Kimebaki kwa shemeji yangu, ng'ambo."

Upepo ulikuwa umeanza kuyainua mawimbi. Mwenye mashua alikuwa akipiga kelele kwamba anaondoka na hatangoja mtu. Nyabuto, ambaye hata mto Migori huuvuka darajani akitazama mbele tu, aliingiwa na hofu. Habari ya kitambulisho akaiacha, akakimbilia mashua.

Siku mbili baadaye aliketi mezani kuandika hati yake ya kiapo, ya kuihakikishia mahakama kwamba samansi imemfikia mwenyewe. Alipofika mahali pa kutaja aliyemtambulisha kwa mshtakiwa, aliandika jina la Maxwell. Kisha akafungua daftari ili anakili saa, na hapo akakutana na maneno yake mwenyewe: *Amesaini haraka. Hakuuliza lolote.*

Kalamu ikasimama.

Hakuna mtu aliyewahi kupokea samansi mkononi mwake asiulize swali moja. Wengine waliliuliza kwa matusi, wengine kwa machozi, na mlevi mmoja wa Suna aliliuliza mara nne: nani amenishtaki? Aliyepigwa kofi gizani hutaka kwanza kujua ni mkono wa nani. Mwanamke yule hakutaka kujua. Basi ama alijua tayari, ama kofi lile halikuwa lake.

Nyabuto aliisukuma kando ile hati. Akiapa, siku za kujibu zitapita Rispa asijue lolote, na mahakama itampa Elkana nyumba bila mwenyewe kusikizwa. Na siku Rispa atakapojitokeza, mtu aliyeapa uongo atakuwa Nyabuto. Leseni itakwenda, na huenda yeye mwenyewe akaenda jela.

Alimpigia Maxwell simu, akamwambia anataka kurudi kuhakikisha. Baadaye alijuta kwa nini alimwambia.

Maxwell alicheka. "Mzee wangu, si ulimwona kwa macho yako? Si alisaini? Unatafuta nini tena?" Kisha sauti ikashuka. "Ziwa lile lina mawimbi, mzee. Watu huanguka majini na hakuna anayeuliza."

Moraa, aliyekuwa akichambua mboga kando yake, alikuwa amesikia. "Usiende, baba."

"Na nikikaa?"

Moraa alichambua majani yote yaliyobaki ndipo akasema, "Basi uvae lile jaketi la kuelea. Wakikucheka, wacha wacheke."

Alhamisi akaenda bila kumwambia mtu mwingine. Njia nzima alishika ubao wa mashua kwa mikono miwili mpaka vidole vikamfa ganzi, na kweli walimcheka. Aliposhuka Remba, kati ya mabati yaliyobanana na harufu ya samaki, kila mwanamume mrefu alionekana kuwa Maxwell. Safari hii hakutaka kuonyeshwa mtu na yeyote. Alikwenda moja kwa moja kwa Elijah, mwenyekiti wa kamati ya ufuo, anayetunza rejista ya wafanyabiashara wote wa kisiwa.

"Wewe ni wa polisi ama wa mkopo?" Elijah alimuuliza.

"Wa mahakama."

"Wuoi! Afadhali hao wengine."

Nyabuto aliuliza kwanza habari za kile kibanda cha mabati. Elijah alikijua. Kilikuwa cha wageni, hukodishwa kwa siku, na hakuna mwenyeji anayelala pale. Kisha akafungua rejista, Nyabuto akanakili namba ya kitambulisho cha Rispa, wakaenda pamoja mahali pa kuanikia omena.

Rispa alikuwa mwembamba, mrefu, magamba yamemshika hadi viwikoni. Alitoa kitambulisho kwenye mfuko wa aproni. Nyabuto alilinganisha namba tarakimu kwa tarakimu, mara mbili, ndipo akampa nakala ya samansi.

Rispa hakungoja hata kufuta mikono. "Nani amenishtaki?"

Nyabuto alilitambua swali. Alikuwa amempata. Na kwa kumpata, alijua sasa kwa yakini kwamba watu wanaoweza kumkodi mwanamke mzima aitikie jina la mwenzake walikuwa wakimngojea Migori.

"Elkana wa Suna, mama."

"Elkana? Si ndiye aliyebeba jeneza la mume wangu!"

Hati ya kiapo Nyabuto aliiandika upya, akaeleza safari zote mbili bila kuficha kosa lake, akaipeleka mwenyewe kwenye masjala ya mahakama. Siku ya kesi Rispa alikuja. Elkana akasema huyu hamjui, Rispa wake alishasaini. Ndipo Nyabuto akaitwa kizimbani.

"Mara ya kwanza ulimpa mtu usiyemjua," alisema wakili wa Elkana, yuleyule aliyempa Nyabuto kazi ya kupeleka samansi ile. "Mara ya pili pia ulimpa mtu usiyemjua. Kwa nini tuiamini ya pili?"

Nyabuto alishika ubao wa kizimba kama alivyoshika ule wa mashua. "Mheshimiwa, mara ya kwanza nilionyeshwa mtu na upande unaoshtaki, na kitambulisho nikakiacha kwa sababu niliogopa maji. Kosa ni langu. Mara ya pili nililinganisha kitambulisho na rejista." Kisha akasoma daftari lake, kurasa zote mbili.

Hakimu aliitupilia mbali ile samansi ya kwanza. Rispa akapewa siku zake za kujibu, na Elkana akaamriwa aje aeleze mwanamke wa kitenge cha kijani alikuwa nani.

Langoni pa mahakama Maxwell alikuwa akingoja. Alimsogelea Nyabuto karibu sana. "Mzee wangu, Migori ni mji mdogo. Tutakutana."

Nyabuto hakuwa na nguvu za kukimbia. Akatoa daftari.

"Unaandika nini?"

"Ulichosema. Saa nne na dakika arobaini, langoni. Shati jeupe." Askari wa lango aligeuza shingo kutazama. "Na askari yuko."

Maxwell aliitazama ile kalamu, kisha akaondoka. Usiku Moraa alipolitazama daftari, hakucheka. Mistari ya ukurasa ule wa langoni ilikuwa imepinda hadi nje ya ukingo. Alilifunga, akaenda kukagua komeo la mlango kwa mara ya tatu.