Nilifunga Simu kwa Kufuli na Bili Bado Ikaja

Mhariri, jina langu usiandike, lakini hayo mengine yote andika vile nimesema. Nilimwita mwanamke mwaminifu mwizi mbele ya watu, na hakuwa amechukua hata peni. Kosa ni langu. Msinitafutie sababu na msinipe pole, sikuja hapa kuombolezewa.

Nina ofisi ndogo ya kupiga taipu hapa Makongeni, Thika. Barua za kazi, risala za harusi, kesi za shamba, zote tunapiga. Niliyekuwa nimemwajiri ni Wairimu, mama wa watoto wawili. Alikuwa anatoka Ruiru kila asubuhi na bado ananipata natafuta funguo za mlango. Alikaa na mimi miaka minne, na alikuwa ananiita tata, yaani shangazi, ingawa hatuna ukoo wowote.

Simu yangu ni ile ya kuzungusha, na nilikuwa nimeifunga na kufuli kama kila mtu mwenye akili hapa mtaani. Unatia kufuli kwa tundu moja la namba, na hakuna kidole kitazungusha. Ufunguo ulikaa kwa kamba shingoni mwangu, hata kanisani.

Mwaka jana nikanunua kompyuta ya mkono wa pili, na modemu yake, kile kisanduku cha kuiunga na laini ya simu, nikaingia intaneti. Watu walicheka. Jirani yangu wa kushona viatu aliniuliza mwanamke wa Makongeni anatafuta nini huko. Nikamwambia natafuta watoto wa wateja wangu, na nilikuwa nasema ukweli. Wamama wengi hapa wana watoto waliokwenda Amerika kusoma, na barua inachukua wiki tatu, kama itafika. Mimi nawaandikia imeili na jibu linakuja kesho yake.

Sasa sikilizeni vile tulikuwa tunafanya. Cucu, yaani nyanya wa mtu, anakuja, anakalishwa kwa kiti. Nawasha laini, modemu inalia, tunaingia. Halafu cucu anaanza: mwambie nimemsalimia, baba yake amemsalimia, Kamau amemsalimia, na mama Kamau, na yule mtoto aliyezaliwa, na watu wa kanisa, na ng'ombe amezaa. Wairimu anapiga taipu neno kwa neno, na wakati huo wote laini iko wazi. Kwa simu si unapiga kwanza halafu ndio unasalimia? Nani angesalimia mtu kabla hajampigia? Hivyo ndivyo tulijua, na hakuna aliyetuambia vingine.

Bili ya kwanza ya intaneti ikafika. Kwa tangazo nilikuwa nimeona bei moja, nikaipangia hiyo. Karatasi ikaja na ada ya mwezi, na ada ya kuunganishwa, na ada nyingine ya kufungua akaunti, na chini kabisa VAT imekalia hiyo yote. Mimi VAT nilikuwa naijua kwa soda na saruji. Nilikasirika, nikalipa. Lakini nilijiambia kwamba watu wakishanitoza vitu vingi hivi, basi kila kitu kimo humu ndani, hakuna kingine kitakuja. Hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Wiki mbili baadaye ikaja bili ya simu. Ilikuwa inapita kodi ya ofisi ya miezi mitatu. Haikuonyesha namba zilizopigwa, iliandika yuniti tu, nazo zikawekewa VAT yake. Nikaenda ofisi ya simu. Karani mmoja, mzee wa miwani, akaisoma pole pole akasema, "Mama, hizi ni yuniti za mtu anayepiga mbali, na anakaa sana kwa laini." Alikuwa bado ana neno. Mimi sikutaka anicheke kwamba sielewi bili yangu mwenyewe, nikashika mkoba nikatoka.

Tena nilitoka kwa sababu mwizi nilikuwa nishamjua. Bwana ya Wairimu anafanya kazi Nairobi, kwa ofisi iliyo na simu. Na kufuli inazuia kuzungusha tu. Mtu akijua kugonga kile kidude cha kuwekea mkono wa simu, akigonga kwa hesabu, namba inaingia. Nilitembea na hayo maneno kichwani, na kufika Makongeni nilikuwa nimehukumu kesi nikaimaliza.

Ndani kulikuwa na wateja watatu.

"Wairimu, bwana yako hajambo?"

"Hajambo, tata."

"Lazima awe hajambo, kama mnaongea kila siku kwa simu yangu."

Hakulia. Angelia ningepata nguvu zaidi. Alinyoosha kidole akaonyesha shingo yangu. "Tata, ufunguo si uko hapo?"

"Na kugonga? Utaniambia hujui kugonga?"

"Najua. Kila mtu anajua. Sijagonga."

Nilimfukuza hapo hapo, na mshahara wake wa mwezi nikabaki nao. Alifunika taipureta vizuri vile hufunika kila jioni, akachukua sweta yake, akatoka. Wateja wakajifanya wanasoma kalenda ukutani.

Haikuisha hapo. Siku chache baadaye mwenye duka moja la vitabu Ruiru alikuja kuniuliza habari zake, alitaka kumwajiri. Nilimwambia akimchukua achunge simu yake. Ni maneno machache tu nilisema, na kazi ikaenda. Hiyo ndiyo inaniuma kushinda mshahara.

Halafu mwezi ukaisha, salamu za cucu nikizipiga taipu mwenyewe, na bili nyingine ya simu ikaja, kubwa kuliko ya kwanza. Nikaiangalia, nikaangalia kiti cha Wairimu hakina mtu, nikashika ufunguo shingoni. Mwizi gani huyo anaibia Makongeni akiwa Ruiru?

Nikarudi kwa yule mzee wa miwani na bili zote mkononi. Aliniuliza swali moja. "Mama, una kompyuta?"

Nikasema ninayo.

"Siku ile nilitaka kukuuliza, ukanikimbia." Akavuta kiti. "Hawa wa intaneti wako Nairobi. Kila ukiingia, modemu inawapigia simu kutoka Thika, simu ya mbali. Kile unawalipa wao ni kiingilio cha uwanjani. Nauli ya kufika uwanjani ni yako, na unailipa kwetu. Na serikali inachukua VAT kwao, inachukua VAT kwetu."

"Lakini simu ina kufuli."

"Kufuli inazuia kidole, mama. Kompyuta haina kidole. Inajipigia yenyewe." Kisha akauliza huwa tunakaa kwa laini muda gani.

Nikamjibu, "Mpaka cucu amalize salamu."

Mzee alicheka mpaka akatoa miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona salamu za Kamau na mama Kamau na ng'ombe, zote zikihesabiwa yuniti moja moja, na Wairimu akizipiga taipu kwa adabu bila kujua ndizo zitamfukuzisha kazi.

Kesho yake nilikwenda Ruiru. Nilianza na mwenye duka la vitabu, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba mwizi hakuna, mwongo ni mimi. Alinisikiliza vizuri, lakini mtu mwingine alikuwa ameshaandikwa. Nikamtafuta Wairimu, nikampata kando ya barabara anauza viazi na mtoto mgongoni. Nikampa mshahara wake. Nikamweleza yote, mpaka kiingilio na nauli. Nikasema pole.

Alihesabu pesa, akazifunga kwa leso. "Pole haipigi taipu, tata. Nipe taipureta."

Nikasema nitampa.

"Na hiyo kufuli."

"Kufuli ya nini?"

"Nipe tu. Na ufunguo wake."

Nilivua ile kamba shingoni hapo hapo barabarani, watu wa viazi wakiangalia. Kufuli na taipureta nilimpelekea siku iliyofuata. Kurudi kufanya kazi kwangu alikataa, na sikumbembeleza, ana haki.

Msifikiri nimezima kompyuta. Ninayo, na jirani wa viatu sasa anakuja kuniomba nimwandikie kijana wake. Salamu sijakata hata moja. Siku hizi tunaandika kwanza, laini ikiwa imezimwa. Cucu anasalimia mpaka achoke, halafu nawasha, barua inaenda, nazima. Na nyinyi wa matangazo ya intaneti, andikeni bei yote, na ile ya simu mseme iko kando, maana wengine tunaamini kile tunasoma. Hata hivyo, aliyemfukuza Wairimu si nyinyi. Ni mimi, kwa mdomo wangu.

Wewe unayesoma, bili yako ikikushinda, beba uende uulize, na ukiuliza usitoke kabla hujajibiwa. Wacha wakucheke. Mimi niliona aibu ya kuchekwa na karani, nikachagua kumwaibisha mtu anayeniita shangazi.

Wairimu sasa ana ofisi yake ya taipu, Ruiru. Kufuli ameitundika kwa msumari juu ya meza yake, na ufunguo ndani yake. Mteja akiuliza ni ya nini, anamhadithia yote, na jina langu analitaja, na la baba yangu. Siwezi kumkataza. Hapa nimejificha kwa mhariri, lakini ukitaka kunijua nenda Ruiru, uliza habari ya ile kufuli.