Fundi wa Nyumba Kuukuu

Fundi wa nyumba kuukuu hashiki randa kabla hajakaa. Huomba kigoda, akaketi ukumbini asubuhi nzima, vidole vyake vinene vikipapasa kuta za mawe kama daktari anayepapasa tumbo la mtoto, na macho yakiwafuata wenyeji: nani kafungua mlango, nani kawasha feni akaenda zake. Mama mwenye nyumba alikwisha kuchoka naye. Alimwita atoboe ukuta wa babu zao waweke viyoyozi, naye amekaa tu, anaimbia puani.

"Mama," alisema hatimaye, kwa ile sauti yake ya chini, "dirisha hili la uani mbona limepigwa misumari?"

Mama alitazama pembeni. "Ng'ambo yuko wifi yangu. Tulikosana, mwaka wa saba huu."

"Basi hilo joto ni ugomvi wenu, mama. Waliojenga waliacha upepo uingie hapa utokee kule barazani, nanyi mkauziba."

Akacheka hadi mabega yakatikisika, akatoa koleo, akasubiri. Hakugusa msumari mpaka mama aliposema, "Haya, fungua."

Mbao za dirisha zilipoachana, upepo ulipeperusha pazia hadi darini. Ng'ambo, mwanamke aliyekuwa akianika nguo aligeuka. Wakatazamana.

"Wifi! Kumbe umenenepa hivyo!"

"Zunguka mlangoni uje unitukane vizuri," mama alimjibu, akicheka huku machozi yakimtoka.

Fundi alikuwa keshahamia dirisha la jikoni, anauliza hilo nalo limekosana na nani.