Beberu wa Kila Siku Ishirini na Moja

Mama yangu ni mtu wa kanisa, kila Jumapili hukaa benchi la pili kutoka mbele, na maisha yangu yote sikuwahi kumdhania uongo. Kwa hiyo aliponipigia simu kuniambia mbuzi wake amerudi jotoni, anataka dume tena, nilichukua kalenda, nikahesabu, nikaona siku zimetimia ishirini na moja kamili, nikaamini.

Baba alikuwa ameshafariki, mdogo wangu wa mwisho ameolewa Songambele, na mama alibaki peke yake Igurwa na kibanja chake cha migomba na kahawa, pamoja na mbuzi jike mmoja, mzee, mwenye sikio lililochanika. Bila mbuzi hakuna samadi, na bila samadi ndizi za mama hutoka nyembamba kama vidole vya mtoto. Yule mbuzi alikuwa hajazaa mwaka mzima. Akishindwa tena, ukoo wa mbuzi pale nyumbani ndio ulikuwa umekwisha. Mimi nilikuwa karani Kayanga, si mbali hata kidogo, na nyumbani nilikuwa nikienda Krismasi, Pasaka na kwenye misiba. Kazi zilikuwa nyingi, ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Nikaamua kuwa mtaalamu. Nilimsikiliza afisa mifugo asubuhi moja, nikatoka na mistari mitatu daftarini: joto hurudi baada ya siku ishirini na moja, mimba ni miezi mitano, dume asiwe ndugu wa jike. Nikanunua beberu kijana wa kisasa, mwili mweupe, kichwa chekundu, nikamfuga nyuma ya nyumba niliyopanga. Mama mwenye nyumba alivumilia harufu yake wiki moja, halafu akaanza kunisalimia kwa mbali, khanga puani.

Siku mama aliposema mbuzi analialia na kutikisa mkia, nilimtia beberu kwenye gunia, kichwa nje, nikapanda bodaboda nimempakata mpaka Igurwa. Shughuli yake iliisha kabla sijamaliza shikamoo. Mama alinipikia ndizi na maharage, tukakaa jikoni mpaka alasiri akinipa habari za majirani, nyumba kwa nyumba. Niliondoka na mkungu wa ndizi.

Siku ya ishirini na moja simu ikalia. "Baba, amerudia."

Nikaenda. Safari hii mbuzi alimtazama beberu wangu juu mpaka chini, akampiga pembe ya ubavu, akaendelea kula maganda ya ndizi. Beberu akanusa, akageuka, akahamia kwenye majani ya maharage ya mama. Nilimlaumu beberu.

"Labda ni mwoga," alisema mama bila kupepesa macho. "Njoo ule kwanza."

Siku nyingine ishirini na moja, amerudia. Na nyingine tena. Kila mara pembe, kila mara ndizi, na habari za majirani zikiendelea pale zilipoishia. Ofisini waliniambia nanuka. Daftarini niliandika: beberu dhaifu, jike mzee, tumaini dogo. Nilikuwa na huzuni ya kweli, maana nilimwona mama akimpapasa yule mbuzi tumboni nikadhani anamuaga.

Baada ya safari ya nne simu ikanyamaza. Nilihesabu miezi mitano kutoka hapo, nikaizungushia tarehe duara jekundu, nikajiona daktari.

Mbuzi alizaa miezi miwili kabla ya duara langu. Mapacha, wote majike. Nilikimbilia Igurwa na maziwa na chupa ya kunyonyeshea, nikijua nakwenda kuokoa njiti. Nikawakuta njiti wangu, vichwa vyekundu, manyoya makavu, wanarukaruka juu ya rundo la maganda ya kahawa.

Nilihesabu kwa vidole mbele ya mama. Nikarudia. Kila nilipohesabu, nilifika siku ile ile ya kwanza.

"Mama, alishika mimba mara ya kwanza."

"Ndiyo."

"Na ulijua?"

"Mbuzi anayekataa dume vile, nani asiyejua? Nimefuga mbuzi tangu sijaolewa."

"Mbona basi uliacha kuniita?"

"Tumbo lilishaanza kuonekana hata kwa mtu wa ofisini."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa akimchanganyia mzazi pumba na chumvi, mgongo kwangu.

"Ningekuambia ameshika," alisema, "ungekuja lini?"

Jibu nililijua, na niliona aibu, aibu ya mtu mzima ambayo haina pa kuwekwa. Nilisimama pale nimeshika chupa yangu ya maziwa. Kisha nikamwambia, kwa sauti yangu ya kitaalamu, kwamba mbuzi anayenyonyesha mapacha lazima akaguliwe chuchu kila Jumamosi, na mkaguzi awe mtu yule yule.

Mama aliendelea kukoroga pumba. Akasema ndiyo, hata yeye amesikia hivyo.