Aliyenipokea Zamu Saa Saba Mchana

Wallahi sitii chumvi. Anayetaka kucheka na acheke, mimi mwenyewe nikisimulia hucheka, lakini haya yalinifika mchana kweupe, saa saba, jua la utosi.

Mimi ni nesi wa wagonjwa mahututi huku kwetu Kwale. Hospitali sitaitaja, nisije nikaitwa ofisini. Siku hiyo nilikuwa nimeunganisha zamu ya usiku na ya mchana, mara ya tatu wiki ile, kwa sababu Bi Mwanasiti, mwenzangu wa kunipokea, hakutokea. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata mgonjwa akifariki sihisi kitu. Hebu fikiria, nesi asiyehisi kitu! Hilo lilinitisha kuliko jini yeyote.

Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Bongwe, aliyejifungua siku nne nyuma na hajazinduka hata kumwona mwanawe. Nikavuta dawa kwenye sindano, nikamwendea. Nimeshashika mpira wa dripu, mara mkono wa mtu ukanikamata.

"Hiyo umeshampa, mwanangu."

Nikageuka. Bi Mwanasiti! Nikatazama chati, na kweli, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe robo saa nyuma. Ningemuua yule mama.

"Nikabidhi wagonjwa, ukalale," akasema.

Sasa sikiliza. Bi Mwanasiti namjua mimi. Ukimkabidhi zamu lazima akugombeze: mbona shuka hazijabadilishwa, mbona glavu zimekwisha, nani kanywa chai yangu? Siku hiyo hakugomba hata kidogo. Nilimweleza mgonjwa mmoja mmoja, naye akaitikia tu, "Taibu, taibu." Na mimi, mjinga, sikushtuka! Nikaenda chumba cha mapumziko nikalala fofofo.

Simu ndiyo iliyoniamsha, saa kumi na moja. Bi Mwanasiti.

"Nisamehe mwanangu, niko nyumbani Gazi, homa imenilaza tangu alfajiri na simu ilikuwa imezima. Uko na nani huko?"

Niko na nani? Nikatoka mbio bila viatu. Wodini hapakuwa na nesi. Shuka zote mpya, chati zimejazwa kila saa, kwa mwandiko mzuri ambao sisi wa leo hatuna. Daktari aliyepita saa kumi aliniapia kwamba alizungumza na Bi Mwanasiti. Na yule mama wa Bongwe kafumbua macho, ananitazama, anataka mwanawe. Nililia, jamani! Nililia kwa furaha mpaka kamasi zikanitoka.

Nilimweleza metroni, mkuu wetu wa manesi, yote, hata habari ya sindano, nikijua nitafukuzwa. Akacheka.

"Hata mimi alinipokea, mwaka wangu wa kwanza," akasema. "Alikuja na sura ya marehemu shangazi yangu."

Tangu siku ile hakuna anayeunganisha zamu kwetu. Metroni mwenyewe huvaa glavu akauguza wagonjwa. Nami kazi naipenda tena. Bi Mwanasiti naye hatupumzishi kwa maringo, eti jini alitazama manesi wote akachagua sura nzuri.

Basi wewe unayeuguza watu, nakuusia: ukichoka, sema umechoka. Usingoje kupokewa na yule jini. Huenda siku hiyo ana zamu kwingine.