Nilivyofuta mistari mitupu kwenye data ya utafutaji, na mtu wa Nyansiongo akapoteza kazi

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, nacheka na kupita. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni tangu msimu wa kupanda uliopita. Sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, lakini makosa ni yangu na nimeyaacha yalivyo.

Kazi yangu ni kutengeneza website na kuzitunza, hapa Kisii mjini. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, chenye meza, kompyuta na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza.

Mteja wangu wa siku nyingi ni mzee nitakayemwita Mzee Swaleh. Ana agrovet, anauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Babu yake alikuja hapa na biashara ya nguo, wao ni Waislamu wa mjini, lakini Ekegusii chake, lugha yetu Wakisii, kinanishinda hata mimi niliyezaliwa Manga.

Ana duka kubwa mjini na dogo kule Nyansiongo, kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Hilo dogo lilikuwa mikononi mwa dada mmoja, Kemunto. Yeye ndiye aliyekuwa akinitumia maswali ya wakulima kwa simu, pamoja na majibu yake, nami nayaweka kwenye ukurasa wa duka lake. Ng'ombe amekataa majani. Ndama anaharisha. Mahindi yamegeuka rangi. Ukurasa ukawa mrefu mpaka nikaanza kumlalamikia kwamba anaharibu mpangilio wangu.

Siku moja Mzee akaniita. Alitaka kujua watu wanaotupata kwa kutafuta mtandaoni wanafungua ukurasa wa duka lipi. Alikuwa anafikiria kupunguza duka moja, na hakunificha. Kwa hiyo nilijua vizuri kwamba jibu langu ndilo lingeamua kama Kemunto atabaki na kazi au la.

Sasa hapa ndipo mambo ya kiufundi yanaingia. Wale ambao si watu wa kompyuta msikimbie, nitaenda polepole.

Mwenye website hupewa dashibodi ya utafutaji, ukurasa wa takwimu unaoonyesha maneno ambayo watu wametafuta na ukurasa waliobofya. Shida yake ni kwamba inakata orodha, unaona ya juu juu tu. Nikaamua kuiunganisha na huduma ya kuhamisha data kwenda kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, ili kila siku data yote iingie yenyewe kwenye jedwali langu na mimi niichambue nitakavyo.

Nilihangaika kidogo. Lazima uipe akaunti ya huduma hiyo ruhusa kwenye hifadhi yako, nami nilikuwa nimeipa ruhusa ya kusoma tu mahali inapotaka kuandika. Halafu hakuna kitu kinachoingia siku hiyo hiyo. Nilikaa nikirefresh kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

(Kwa anayetaka kujaribu: data inaanza kuingia kuanzia siku uliyounganisha, haikurudishii ya nyuma. Unganisha leo hata kama huna haja nayo. Nilikaa wiki kadhaa nikisubiri ijae.)

Ilipojaa, nilifurahi kama mtoto. Mistari maelfu. Lakini nikaona mingi haina neno. Ukurasa upo, tarehe ipo, idadi ya kubofya ipo, ila pale panapofaa kuwa na neno alilotafuta mtu, patupu.

Mimi ni mtu wa usafi. Chuoni tulifundishwa kwamba pengo kwenye jedwali ni uchafu. Nikaandika amri ya mstari mmoja tu, iondoe kila mstari usio na neno. Nikaipepeta ile data kama mama anavyopepeta wimbi, nikabaki na jedwali safi la kupendeza macho.

Sikusoma maelezo ya ile huduma. Yalikuwepo. Sikusoma.

Nikachora grafu. Duka la mjini likapanda juu. La Nyansiongo likalala pale chini, hata rangi yake huioni vizuri.

Nilimpelekea Mzee baada ya swala ya adhuhuri. Akavaa miwani, akaangalia kwa muda.

"Una hakika, Momanyi?"

"Data haidanganyi, Mzee."

Wakuu, nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Na nikajisikia mkubwa.

Akakunja karatasi akaiweka mfukoni. Jioni hiyo hiyo alimpigia Kemunto akamwambia mwisho wa mwezi wanafunga.

Kesho yake Kemunto alinipigia mimi. Hakuwa na kelele.

"Momanyi, nasikia kompyuta yako imesema huku hakuna watu."

"Si mimi, dada. Ni vile data imetoka."

"Sasa hii watu inakujanga hapa kila siku ni ya nani?"

Nilimjibu kitu fulani kuhusu tofauti ya wateja wa dukani na wa mtandaoni. Akasema sawa, akakata.

Wiki mbili baadaye Mzee alinituma Nyansiongo kupiga picha za vitu vilivyobaki ili tuvitangaze. Nilifika asubuhi. Ng'ambo ya barabara, mbele ya lile duka, kuna mahali pa kikundi cha maziwa, ambapo wakulima huyaleta kupimwa na kupakiwa kwenye gari. Foleni ilikuwa ndefu, mitungi chini, watu wakiongea.

Mbele kidogo kulikuwa na mama mmoja amekaa kwenye kreti, simu mkononi. Mtu akimaliza kupimiwa anamwendea, anamweleza shida ya mnyama wake kwa Ekegusii. Mama anaandika, anasubiri, kisha anamsomea jibu kwa sauti, anatafsiri, na wengine waliosimama karibu wanasikiliza. Halafu yule mtu anavuka barabara kwenda kwa Kemunto kununua.

Nilisogea nikamsalimu. "Bwakire, mama. Unasoma nini?"

"Ni ile kitabu ya Kemunto," akasema. "Iko kwa simu. Hapa ni mimi niko na bundles kila siku, kwa hivyo natafutia watu wote."

Nikamwomba nione. Ulikuwa ukurasa wangu. Ule ule niliokuwa nalalamikia urefu wake.

Nikamwomba tena nione alichoandika. Aliandika hivi: ng'ombe amezaa jana hataki kusimama macho inalia nyansiongo.

Wakuu, nilielewa pale pale nikiwa nimesimama kwenye matope.

Ni nani mwingine duniani ataandika sentensi hiyo? Hakuna. Na ile huduma, kitu kikitafutwa na watu wachache sana, huficha maneno yao ili asijulikane aliyetafuta. Inakuachia hesabu ya kubofya, maneno inayaondoa. Mistari mitupu haikuwa uchafu. Ilikuwa ni mama huyu, na foleni nzima nyuma yake.

Mjini watu wanatafuta "bei ya mbolea", maneno ya wengi, yakabaki. Nyansiongo kila mtu ana ng'ombe wake na shida yake, yakafichwa. Mimi nikaja na ufagio.

Sikupiga picha hata moja. Nilirudi mjini, nikafuta ile amri yangu, nikachora upya. Ukurasa wa Nyansiongo ulikuwa umeupita wa mjini. Na nyuma ya kila kubofya kule kulikuwa na watu wengi wanaosikiliza simu moja, jambo ambalo hakuna jedwali litakaloonyesha.

Nilimwendea Mzee nikamweleza yote. Sikuilaumu mashine. Nilimwambia nilitupa watu wake kwa sababu hawakuwa na majina.

Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki. Badala yake alichukua simu akampigia Kemunto mbele yangu, akaweka sauti ya nje.

"Mwanangu, nilikosea. Duka halifungwi. Baki."

"Asante, Mzee. Lakini nimeshapeana neno langu kwa kikundi ya maziwa. Wananipea chumba niwaangalilie dawa."

"Nitakuongezea."

"Si hiyo, Mzee. Nimeshapeana neno."

Duka la Nyansiongo bado liko wazi. Aliwekwa kijana kutoka mjini, mpole, mchapakazi, ila ng'ombe anawajua kwa picha. Wakulima wanapita mlangoni kwake wakienda kwenye chumba cha kikundi cha maziwa, kwa Kemunto. Yule mama wa simu naye siku hizi hatafuti tena, anauliza moja kwa moja.

Nilienda kumwomba Kemunto msamaha. Alinikaribisha chai, ya maziwa mengi, akanisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Wewe sikukasirikia sana. Wewe unajua kompyuta, ng'ombe hujui. Mzee ndiye aliniuma. Miaka yote hiyo, na hakupiga simu hata moja kuniuliza, Kemunto, watu wako wapi? Karatasi moja tu, na akaamini."

Nilikunywa chai yangu ikaisha, nikaaga.

Nilichojifunza kiufundi ni rahisi: soma maelezo kabla ya kufuta, na ukikuta pengo, uliza ni nani yuko ndani yake. Kile kingine ndicho kinanisumbua. Mimi mwenyewe nilikuwa na namba ya Kemunto kwenye simu. Tulikuwa tunaandikiana kila wiki. Ningemuuliza swali moja tu, angenijibu kabla sijamaliza kuwasha kompyuta.

Sasa semeni, wakuu. Nyinyi mnaofanya kazi na namba za watu, mlishawahi kumwumiza mtu kwa ripoti iliyoonekana safi? Mlirudije kwake? Wa kunikaripia pia karibuni, nimekaa hapa nasoma.